VPN ya Kumpigia Bibi

Jumapili, kabla ya magharibi

Na bado Salim ananilaumu mimi, kana kwamba tableti ile niliinunua peke yangu.

Mchana nimemkuta Rahma, binti yetu wa miaka kumi, anaangalia kwenye tableti yake uchafu wa mtandaoni ambao hapa Dubai umefungwa. Umefungwa, ndiyo. Lakini na simu za video tulizozizoea zimefungwa, na mama yangu yuko Unguja, anataka kumwona mjukuu wake kila Ijumaa. Basi Salim mwenyewe akaweka VPN, programu ya kupenya vilivyofungwa, na mimi nikamshukuru. Mlango tuliomfungulia bibi ndio uliopitisha na hayo mengine. Hatukufikiri.

"Wewe ndiye unayeshinda naye nyumbani," ananiambia. Mtu huyu huyu alinicheka nilipotaka kuikagua hiyo tableti. "Mwache mtoto," alisema, "serikali inachunga."

Nami nikaona raha kuchungiwa mtoto. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Miaka yote nimemringia dada yangu aliyebaki Unguja, kwamba huku mzazi analala usingizi wake, wenye nchi wameshafunga kila kibaya. Nilikuwa nayasema hayo kwenye simu, Rahma amekaa pembeni yangu.

Baadaye nikamkalisha kitandani, nikamuuliza kwa nini hakuja kuniambia. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Mama, si wewe unayesema hapa vibaya vyote vimefungwa? Hii ilifunguka. Nikajua si vibaya."