Fimbo ya Kumi na Tatu

Foundry Lane 14,
Harcroft.
Jumapili, 6 Aprili 2008

Dada yangu mpendwa Enid,

Kwa heshima na uzito wote unaostahili, nakutangazia kwamba vile vishikio viwili vya shaba vilivyopigiliwa ukutani katika Klabu ya Wafanyakazi ya Foundry Lane, juu ya ubao wa alama, vitaendelea kuwepo. Kamati iliamua hivyo Ijumaa ya mwisho ya Machi, kura sita kwa tatu, baada ya miezi mitano ya vikao. Taifa sasa linaweza kulala.

Kabla sijaendelea, wewe u hali gani? Goti linasemaje? Na shemeji Gerald, bado anagombana na daktari kuhusu siagi? Sisi hatujambo. Doreen wangu anakusalimu sana, anasema mbegu za njegere ulizotuma zimeota zote isipokuwa nilizozikanyaga mimi. Mvua ni ile ile uliyotuachia.

Utaniuliza vishikio vimekosa nini. Havijakosa kitu. Vinashika fimbo ya baba ya kusukumia mipira ya puli mezani tangu mwaka 1976, na tangu tumzike nimeicheza mimi kila Jumanne na kuirudisha pale pale. Lakini mwezi wa Novemba Norman Tattersall alichaguliwa nahodha wa timu, na unamjua Norman: mtu aliyefanya kazi miaka thelathini katika ghala la mabomba hawezi kuona vitu viwili visivyolingana akatulia. Akaagiza kwenye katalogi fimbo kumi na mbili za kiwandani, zote urefu mmoja, uzito mmoja, weusi mmoja wa vitako, akazipanga kwenye rafu kama askari. Kisha akasimama mbele ya kamati akasema sasa tunafanana na timu, na kwamba yale mashaba ya marehemu Ellis Entwistle yang'olewe, maana fimbo ya mtu mmoja juu ya vichwa vya wenzake ni majivuno.

Majivuno! Baba, ambaye alivaa koti moja mpaka likawa na umri wa kupiga kura!

Nilisimama. Nakiri nilisimama kwa kasi na glasi ya Harold, mjumbe aliyeketi kando yangu, ikaenda chini. Nikawasomea kanuni ya saba ya klabu, kwamba mwanachama ana haki ya kutundika fimbo yake ukutani iwapo imetengenezwa kwa mkono kwa ajili yake au ya mzazi wake. Nikawaeleza jinsi baba alivyovuka mlima hadi upande wa Yorkshire, akapimwa kutoka kwapani hadi kifundo cha mkono kama mtu anayeshonewa suti, akarudi na fimbo ya mti mweupe yenye kitako cha mpingo, na yale meno manne meusi yanayopanda kwenye weupe, makali kama minara ya kanisa. Unakumbuka alivyokuwa akituonyesha meno yale kwa ukucha? Nikamwambia Norman kwamba zake zimetoka kwenye mashine kama soseji.

Norman hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema, "Sawa, Wilf mzee wangu. Lete cheti cha fundi kabla mwezi wa tatu haujaisha. Ukileta, mimi mwenyewe nitazipiga msasa hizo shaba zako." Halafu akaomba tu tuibingirishe fimbo mezani, tuone kama imenyooka. Tuibingirishe! Nikamwambia mbele ya watu wote kile baba alichomwambia kila aliyewahi kuomba: fimbo iliyotengenezwa kwa mkono haibingirishwi, kama vile mke wa mtu hapimwi mizani. Doreen, aliyekuwa akigawa pai, alisema nimtafutie mfano mwingine.

Basi nikaenda kwa Bwana Ormerod, fundi wa fimbo kule nyuma ya stesheni. Karakana yake haina redio wala kiti cha mgeni. Aliipokea fimbo ya baba kwa mikono miwili, akaitazama kwa jicho moja kutoka kitakoni hadi kichwani, akakohoa. Kisha akaipeleka dirishani, akapitisha kidole gumba kwenye yale meno, akaniuliza nani aliniambia ni ya mkono. Nikamwambia baba. Akasema, "Pole, bwana."

Enid, kaa chini kama bado umesimama. Aliniletea fimbo aliyokuwa akiitengeneza yeye, akanionyesha. Kwenye ya mkono, pale mweusi unapoingia kwenye mweupe, meno huisha kwa mviringo, laini, kama ncha ya kidole, kwa sababu mtu hulazimika kulaza ubao na kuuranda taratibu mpaka ukubali. Meno makali yaliyonyooka hivyo hukatwa na msumeno wa mashine, na mashine hukata mia kabla ya chai ya saa nne. Kile baba alichokuwa akikionyesha kwa ukucha miaka ishirini na mitatu, akiwaambia watu watazame makali yale, ndicho kilichokuwa kikimwambia kila mwenye macho kwamba ni ya kiwandani. Na Foundry Lane nzima hapakuwa na mwenye macho, mimi nikiwa wa kwanza.

Nilighadhibika. Nilimwambia Ormerod ni wivu wa ufundi. Akasema huenda. Nikamwambia baba alipimwa. Akasema hilo analiamini, maana kitako kimekatwa kwa urefu wa mtu fulani. Wenye maduka wengi walifanya hivyo, wakakupima kwa adabu zote, wakaingia chumba cha nyuma, wakapunguza moja ya rafuni. Dada, ni wewe uliyempeleka baba siku ile kwa gari lako la kijani. Yule mwenye duka alikaa chumba cha nyuma miezi, au mliondoka nayo mchana ule ule? Nijibu. Au afadhali usinijibu.

Sasa nifanyeje? Cheti hakuna. Ormerod, bila hata kuniangalia, alisema anaweza kunitengenezea mimi moja ya kweli, na hiyo ataiandikia cheti kwamba ni ya mkono. Nilikaa kwenye gari nusu saa. Upande mmoja, fimbo ya uongo iliyoshikwa na mkono wa baba mpaka mpingo ukaingia shimo la kidole chake. Upande mwingine, fimbo ya kweli ambayo baba hakuwahi kuiona. Nikarudi ndani nikanyoosha mikono kama bata, akanipima.

Hapa ndipo penye ungamo, na nakuomba Gerald asisomewe.

Ijumaa hiyo hiyo ya kura nilifika klabu mapema, kabla hawajafungua baa. Niliiweka ile mpya kwenye vishikio vya shaba. Ormerod alikuwa ameipaka rangi ya uzee kidogo, kwa ombi langu, akinuna wakati wote. Ya baba niliichomeka kwenye rafu ya Norman, katikati ya zile kumi na mbili. Nilijiambia kwamba pale ndipo kwao kwa haki, na kwamba kila Jumanne nitawahi niichukue kabla ya mwingine.

Jioni ile kamati ilisoma cheti. Walitazama ukutani wakasema nimemng'arishia mzee fimbo yake vizuri. Harold alitokwa na machozi, ingawa Harold hutokwa na machozi hata akisikia matokeo ya raga. Norman aliomba msamaha kwa sauti, akanunua pai kwa wote. Kisha akahesabu rafu yake, akakuta kumi na tatu, akafurahi: alisema wale wa katalogi ni waungwana, wameongeza moja bure.

Na ni ipi aliyoichukua? Usinifanye niandike.

Jumanne alinifunga mechi tano mfululizo. Mimi na fimbo ya Ormerod, nzuri kama sala, iliyopimwa kwa mkono wangu, nikakosa mpira mweusi ukiwa mdomoni mwa shimo. Yeye akiwa na fimbo ya baba, kidole chake kinene ndani ya shimo la kidole cha baba! Akaibusu. Akainyanyua watu waione akasema, "Tazama, Wilf! Soseji imeshinda suti!" Ukumbi mzima ulicheka, na Doreen pia, naye anajua kila kitu. Nilitaka kumwambia hiyo si soseji yako, ni soseji ya baba yangu. Lakini nikisema, shaba zinang'oka. Basi nilikula pai nyingine ya huyo huyo Norman, na nakuambia sijawahi kula kitu kigumu kama kile.

Msalimie Gerald, na wajukuu ukiwaona. Mwezi wa sita tutakuja, Mungu akipenda na gari likikubali. Doreen atakuletea jamu, mimi nitakuja na hasira zangu.

Wako akupendaye,
mdogo wako Wilf

Nyongeza: Leo asubuhi, kabla watu hawajafika, niliichukua ile ya baba kwenye rafu nikaibingirisha mezani. Imepinda.