Kwa Nashon Ouma na Samaki Wake wa Kawangware

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukurudishe Uyoma, kwetu ziwani, na kukulaza kando ya mama yako, Baba Akoth. Wenzako wa kanisa walitushauri tuandike kumbukumbu hii kama watu wanavyoandika, kwamba ulipenda amani na umetangulia. Ni kweli ulipenda amani. Lakini anayeandika ni mimi, Filister, mke wako, kwa niaba ya nyumba nzima, na yapo mengine ya kusema. Shemeji Ogola alisema mambo mengine humezwa tu. Nilimjibu kwamba sisi tumeshameza ya kutosha.

Ulikuwa fundi wa madirisha. Huko Nairobi, kuanzia Kawangware mpaka Riruta, kuna watu wanaoamka kila siku na kufungua madirisha uliyoyachomelea wewe, na hata jina lako hawalijui. Ulikuwa na shati moja jeupe la Jumapili, na ulilifua mwenyewe hata nilipokuwa nimekutembelea. Ukija nyumbani ulikula polepole ili watoto wakuwahi kwenye samaki, halafu unajifanya unatafuta chumvi. Watoto walidhani kweli baba yao ni mtu wa kupoteza chumvi.

Mambo ya samaki yalianzia Lavington, ulipoitwa kubadilisha kioo kilichopasuka katika nyumba ya tajiri fulani. Sebuleni ukakuta sanduku la kioo limejaa maji, na samaki ndani wanazunguka. Krismasi hiyo ulitusimulia ulivyosimama na kioo chako mkononi mpaka mwenye nyumba akakuuliza kama unaumwa. Sote tulicheka, na wewe ukacheka. Hatukujua kwamba umeshaamua.

Nilipokuja Nairobi baada ya mavuno nilikuta umejitengenezea lako, vyuma vya dirisha vimeungwa pembe kwa pembe na vioo vimeshikizwa kwa pati, ule udongo wa mafundi wa vioo, refu kama kitanda cha mtoto. Lilikuwa juu ya meza, na meza ilikuwa ni hiyo moja tu. Nikala nimepakata sahani. Ndani walikuwa ngege wadogo ambao rafiki yako Khaemba wa Kibera alikuletea kwa ndoo kutoka bwawa la kule kwake. Si samaki wekundu wa matajiri. Ngege! Wale wale tunaowapara kila siku ya Mungu. Nikakwambia mtu wa ziwani kufuga ngege ni kama mkulima kupanda hindi moja kwenye kopo na kukaa akilitazama.

"Na hawa wanapikwa lini?" nikakuuliza.

"Hawapikwi, Mama Akoth."

"Sasa ni wa nini?"

Ukasema, "Mimi nimevua tangu nikiwa na meno ya utoto. Samaki nimemjua akiwa anakufa tu. Akitolewa majini akirukaruka, tunasema huyu mzima kabisa, na kumbe ndiyo anakata roho. Sijawahi kumwona akiishi. Hebu kaa hapa kidogo."

Sikukaa. Nilikuwa na wivu, na sasa naweza kuuita kwa jina lake. Mimi nalima, nalea, nakungoja mwaka mzima kule Uyoma, na wewe jioni zako unazimalizia kwa samaki. Niliporudi nyumbani nilikutangaza kisimani kwamba umeoa mke wa pili mwenye mapezi. Wanawake walicheka mpaka mitungi ikamwagika. Msemo ule ulizunguka kijiji kizima, ukakufikia na wewe, na hukuniuliza ulitoka kwa nani.

Wenzako wa ploti, wapangaji wa vyumba vya jirani, wao walikaa. Wamuyu wa mlango wa pili alikuwa mtu wa kuziba pua tukikaanga samaki, maana kwao Nyeri hawakuwa wakila kitu hicho. Lakini jioni alikuwa anakuja na kigoda chake. Mtu akitoka kufokewa kazini, au mtoto akilala na homa, anaingia kwako, anatazama sanduku, kisha anakwenda zake akiwa amepoa. Ulimfundisha Wamuyu kulaza maji ya bomba nje usiku kucha ili dawa itoke kabla hajawabadilishia. Ukienda kazi ya mbali, yeye ndiye aliyewalisha. Mwaka fulani uliniandikia kwamba ngege jike amebeba watoto wake mdomoni na hali chochote wasije wakamezwa. Ukasema ulikuwa unatoka kazini mbio kuja kumwona. Mimi nimepara ngege tangu utotoni, na vile vitoto nimevikuta mdomoni mara nyingi. Sisi huvikung'uta tu. Sikujibu barua ile.

Kisha kifua kikakushika, na kabla sijapata basi la kuja ulikuwa umekwisha. Nilikuta ploti imejaa watu wetu, waliotoka Kibera, mtaa wa Satellite, na wengine nyumbani. Matanga ni matanga, watu lazima wale. Dada yako Nereah alitafuta mboga ya wageni akakosa. Akasimama mbele ya sanduku lako.

"Wifi, hawa samaki wakubwa hivi ni wa nani?"

Mjane hapiki, lakini mjane huulizwa. Ningeweza kusema waacheni. Maneno yako niliyakumbuka vizuri sana, Baba Akoth, usidhani niliyasahau. Nilikuwa nimekalia kitanda chako, nina hasira na wewe kwa kufa bila kunisubiri, na wale wanaogelea tu kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Ni samaki," nikasema. "Wapike."

Nereah alipofika kwa yule jike mkubwa alikuta vitoto mdomoni. Akavikung'utia mtaroni, kama tulivyozoea, na hakuna aliyegeuza kichwa. Wakakaangwa na nyanya. Ogola akasema chumvi imepungua. Mimi nikapewa kichwa cha yule mkubwa, kwa heshima ya mjane, na nikakila. Kilikuwa kitamu, nami nikalamba vidole.

Asubuhi yake Wamuyu akaingia na debe la maji kichwani.

"Mama Akoth, pole sana. Nimeleta maji ya wale. Nililaza nje tangu jana, nilijua nyinyi mko na mambo mingi."

Akatua debe, akatazama sanduku, akatazama sahani ambazo zilikuwa hazijaoshwa, na miiba juu yake. Nilingoja atutukane. Yeye aliyekuwa haonji samaki ndiye aliyelia, na sisi tuliolelewa na ziwa tulikuwa tunatafuta vijiti vya kuchokolea meno. Akainua debe lake, akaenda kuogeshea watoto.

Mwezi uliopita nilisafiri kuja kumwomba msamaha. Nilidhani ataninunia. Alinipikia chai, akaniketisha, akasema hana kinyongo. "Hiyo ni chakula yenu. Mngejuaje?"

"Nilijua," nikamwambia. "Aliniambia mwenyewe."

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Ndipo akaniuliza kama uliwahi kuniambia majina ya wale samaki. Nikasema hapana. Akasema wengi hawakuwa na majina, ila yule jike mkubwa, wa kubeba watoto. Huyo ulikuwa unamwita Filister. Ulikuwa ukimsimulia habari za kazi, na mvua, na jinsi hujui kuandika barua ndefu. Wageni wakikuuliza, unawaambia, "Huyu analea watoto peke yake, hali, na hanung'uniki."

Tangu Akoth azaliwe ulikuwa ukiniita Mama Akoth, kama inavyopasa mume mwenye adabu. Jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwako. Kumbe ulikuwa ukilitamka kila jioni, na laiti ningekaa pale kidogo ulivyoniomba, ningelisikia.

Tunaona haya, Baba Akoth. Hatuandiki ili watu watuhurumie. Tunaandika ili wale waliocheka kisimani wajue kwamba waliyemcheka alikuwa ananipenda, na aliyewachekesha nilikuwa mimi.

Unakumbukwa na mkeo Filister. Watoto wako Akoth, Sella na Okinda. Dada yako Nereah, ambaye hataki tena kupara ngege jike. Ndugu yako Ogola, ambaye ametuomba tusimtaje. Rafiki yako Khaemba wa Kibera. Na jirani yako Wamuyu, ambaye tumemweka hapa pamoja na wa damu kwa sababu alikujua kuliko sisi.

Daima tutakukumbuka, hata kama hatustahili.