Safari ya Kuvua ya Bwana Dakika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi vizuri na goti lako limepunguza ukorofi. Shangazi ameniambia kwa simu kwamba umeanza tena kutembea hadi kwenye karakana yako ya zamani kuwakosoa mafundi waliokurithi, nikajua kweli umepona. Mimi ni mzima. Mdogo wangu naye ni mzima, anakula chake na changu, na anakusalimu sana. Shangazi mpe shikamoo yangu, na umwambie vitenge vilifika.

Barua yako niliipata Jumanne wiki iliyopita, na ndani yake ile karatasi ya kiwanda uliyoikunja mara nne. Ya kwako nimeisoma mara tatu. Ya kiwanda mara moja ilinitosha. Unaniambia nitie sahihi ili mambo yaishe. Unasema ofisa wa kiwanda alikuja mpaka kwako, akanywa chai, akakuita mzee wangu, akakueleza kwa upole kwamba kijana wako ni mchapakazi pale kwenye upakiaji na ingesikitisha akipoteza kazi kwa ajili ya ukaidi wa dada yake. Baba, nakuheshimu, na nitaendelea kukuheshimu barua hii ikiisha. Lakini sitii sahihi. Soma yote kabla hujakasirika. Au kasirika kwanza halafu usome, mradi usome.

Karatasi inasema kwamba miaka miwili iliyopita, nikiwa kwenye mashine ya kukata samaki, niliiondoa kinga ya kisu mwenyewe kwa uzembe. Wewe ni fundi seremala, unajua kinga ni kitu gani. Ile ya kwetu ilifungwa kwa boliti nne, na spana zilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa shingoni mwa msimamizi wetu. Ndiye yule tuliyemwita Bwana Dakika kwa sababu ya saa aliyokuwa akitembea nayo mkononi akituhesabia. Yeye ndiye aliyeamuru kinga itolewe, akisema inatuchelewesha. Siku ya tatu kisu kilinichukulia vidole vinne vya mkono wa kulia. Kiliniachia dole gumba peke yake, na sasa wanalitaka na hilo walipake wino.

Jambo ambalo ofisa hakukuambia alipokuwa anapuliza chai yako ni hili. Mwezi uliopita mashine ileile ilimkata binti mwingine wa zamu ya mchana, vidole viwili. Kinga bado haijarudishwa. Ofisi ya kazi imeanza kuuliza maswali, na ndiyo maana wamenikumbuka. Nikitia sahihi, mimi nilikuwa mzembe, na yule binti naye ni mzembe, na mashine haina kosa.

Najua unajiuliza nina jeuri gani wakati sina kazi ya maana. Mara ya mwisho ulisema kuwabeba watu kwenye boti si kazi ya mwanamke, tena mwenye mkono mmoja. Basi nikueleze, maana hujawahi kuniuliza.

Mama Boti, yule jirani niliyekutajia, ana boti mbili za fibaglasi zenye injini za nyuma. Watu wanaotaka kuvua kwa kujifurahisha humkodi, naye hutoa boti, vifaa na kiongozi. Hatuendi bahari kuu. Tunafanya kazi ndani ya ghuba, nyuma ya visiwa viwili vinavyozuia mawimbi, ambako maji hutulia hata siku ya upepo. Nilianza kwake kwa kuosha boti. Leo najua kila mkondo wa ghuba ile kama unavyozijua droo za meza yako. Najua samaki aina ya kolekole hupita wapi maji yakijaa, na tewa hujificha chini ya mwamba gani. Nilipoenda kufanya mtihani wa leseni, mtahini aliutazama mkono wangu, akanitupia kamba na kuniambia nifunge mafundo sita. Nilifunga saba, mengine kwa meno. La saba halikuwa kwenye orodha yake, akaniomba nimfundishe.

Sasa siku ileile niliyoipata barua yako, Mama Boti aliniita ofisini, kile chumba chake chenye feni isiyozunguka, akanipa safari ya kwanza iliyo yangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alisema nipange mwenyewe, asingetia mkono. Nikafungua daftari la wateja. Jumamosi, watu wawili, nusu siku, hawajawahi kuvua. Nikasoma jina na namba ya simu. Baba, lilikuwa jina la Bwana Dakika.

Mama Boti aliniona nimeganda, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Nikampigia mteja kama tunavyowapigia wote, kumuuliza anataka nini. Sauti yangu hakuitambua. Kiwandani hakuwahi kuisikia, tulikuwa tunaitikia kwa kichwa. Akasema anataka samaki wakubwa na maji yasiyotikisika, tena asicheleweshwe.

Nilipanga safari ile kwa siku nne. Nilisoma jedwali la maji nikaona Jumamosi ni bamvua, siku ambazo maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Nikaandika: kuondoka saa moja asubuhi maji yakiwa yamejaa, kuvua kwenye mwamba wa kisiwa kidogo, kurudi kabla ya saa tano kwa mkondo wa kina, maana ule wa upande wa mikoko hubaki tope tupu. Nilikagua injini na majaketi ya kuokolea, nikanoa ndoana moja moja, nikanunua ngisi wa chambo nikawakata vipande mwenyewe. Ndiyo, kwa kisu.

Jumamosi ilipofika alikuja gatini dakika kumi kabla ya wakati. Mtu wa pili alikuwa mama yake mzazi, bibi mfupi mwenye fimbo na kofia pana, anayeongea bila kupumua. Aliniambia kabla hata ya salamu kwamba amekula samaki miaka sabini na mitano na sasa anataka kumwona mmoja akiwa bado na hasira. Mwanawe aliponiona alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akautazama mkono wangu, akanitazama usoni, akamwambia mama yake labda waahirishe, hali ya hewa haieleweki. Mbingu ilikuwa nyeupe, safi, haina hata wingu la dawa. Bibi alimwambia yeye apande au abaki, lakini asimpotezee muda.

Basi tukaondoka. Nilimvalisha bibi jaketi, nikamwonyesha namna ya kuachia mshipi wa fimbo ya kuvulia na kuusikiliza kwa kidole. Nilifanya kazi yangu yote kama ilivyoandikwa. Bwana Dakika alikaa mbele, kanipa mgongo. Tulipotia nanga kwenye mwamba bibi alikuwa akiniangalia nikifunga chambo kwa dole gumba na meno. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kofia, mkono ulipatwa na nini.

Ningeweza kusema ajali. Nimesema ajali kwa watu wengi sana ili wasione aibu. Siku ile sikutaka. Nikamwambia, “Ulikatwa kiwandani, Bibi. Kinga ya mashine ilitolewa kwa amri ya mwanao huyu.”

Bibi akamgeukia. “Eti?”

“Mama, hayo ni mambo ya kazi.”

“Nimekuuliza nani aliyeitoa kinga.”

Akageukia maji. “Niliagiza mimi. Lakini na mimi nilikuwa naagizwa kutoka juu, hesabu ilikuwa haitimii...”

“Ya juu sikukuuliza,” bibi akasema, na hapohapo fimbo yake ya kuvulia ikapinda mpaka ikagusa maji.

Usicheke, Baba, mimi mwenyewe nilitaka kulia nikajikuta nacheka. Alikuwa tewa, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona pale. Mwanawe aliinuka kumsaidia, bibi akamfukuza kwa kiwiko. Akaniita mimi. Tulishika wote wawili, mikono yake miwili na wangu mmoja na nusu, tukavuta, tukalegeza, tukavuta, hadi yule samaki akatoka na macho yake ya kisirani. Bibi akamwangalia vizuri, akasema amemwona, inatosha, nimrudishe. Nikamrudisha. Kisha akasema anataka kwenda nyumbani, na njia nzima hakumsemesha mwanawe hata neno.

Gatini, bibi alipokuwa anatafuta fimbo yake ya kutembelea, Bwana Dakika alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maneno ya baharini hayana shahidi, na nimfikirie mdogo wangu. Nikamwambia asante kwa kusafiri nasi, aangalie ngazi, ina utelezi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama Boti. Nakuambia wewe kwa sababu hukunilea niwe hivyo.

Nilipanga safari mbili, Baba. Moja niliiandika, ya pili niliiweka moyoni. Katika ile ya pili nilikuwa nirudi kwa mkondo wa mikoko maji yakianza kupwa, niizime injini nikisingizia imeharibika, na boti ikae kwenye tope kwa muda wa saa sita chini ya jua. Angepiga simu mpaka achoke, hakuna chombo kinachopita juu ya tope. Dumu la maji ya kunywa nililiacha ghalani kwa makusudi. Ile karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu pamoja na kalamu, nikitaka aandike nyuma yake ukweli wote ndipo nimtoe. Sikuwaza kwamba wa pili angekuwa mama yake. Nilipomwona bibi na fimbo yake nilirudi ghalani mbio nikachukua dumu, lakini sikuapa kuacha. Hata tulipokuwa tunarudi, pale mikondo miwili inapoachana, mkono ulikuwa kwenye usukani na nikahisi hamu ya kukata kushoto. Alikuwa ameketi kanipa mgongo, shingo yake imejaa jasho. Nikakata kulia, kwenye kina. Si kwa huruma. Kiwanda kilishanichukulia vidole, sikutaka kinichukulie na leseni, wala kinifanye mtu wa kuchezea roho za watu ili hesabu yake itimie. Huyo ni yeye. Mimi nilikuwa na abiria wawili wa kufikisha.

Naona aibu kwamba niliwaza. Kwa lililofuata sioni aibu hata kidogo.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kazi, nikamkabidhi ofisa wa pale karatasi yenu ikiwa haina sahihi, nikaandikisha malalamiko kwa jina langu kamili, ambalo ni lako pia. Kabla ya kwenda nilimwambia mdogo wangu anachoweza kupoteza. Aliacha kula, jambo ambalo hujawahi kuliona, akaniambia, “Dada, usinifanye mimi kisingizio.” Kisha akavaa shati akanisindikiza, akaandika kwamba siku kinga ilipotolewa alikuwepo na aliziona boliti nne zikiwa sakafuni. Alikuwa anaogopa kukuambia, nikamwambia nitakuambia mimi. Usimgombeze. Kama ni kugombeza, nipo.

Jana bibi alimpigia Mama Boti kuomba safari nyingine, safari hii peke yake. Akaomba na mimi nipewe simu. Hakuniomba msamaha kwa niaba ya mtu, na nilishukuru. Alisema tu kwamba masikio yake ni mazima, na alichokisikia kwenye boti atakisema popote atakapoulizwa, mwanawe apende asipende. Sijui kama siku ikifika atasema. Ni mama. Sikumlazimisha ahadi.

Kiwanda huenda kikamfukuza mdogo wangu. Ofisa huenda akaja tena kwako na sauti yake laini. Akija, mpe chai, mimi sikukataza, lakini mwambie binti yako amekwishajibu. Jumatano ijayo saa tatu asubuhi nimeitwa kutoa maelezo kwa kiapo. Nimeuliza wananyanyua mkono gani, wakaniambia wa kulia. Nitaunyanyua huohuo, wautazame mpaka nimalize.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na jirani wa upande wa kisima, na mafundi wako uwape pole kwa niaba yangu. Goti ulipake ile dawa kila asubuhi hata kama huipendi harufu yake. Niombee, Baba, hata kama umenikasirikia.

Ni mimi binti yako mkaidi,
kiongozi wa boti mwenye leseni.