Kilima cha kwa Ntirampeba

Delfi, hata kama uko kazini huko Louisville, soma hii. Generoza wetu wa kwaya bado ana hasira.

Leo alikuja kanisani, hapa Grant Street, mtafiti mmoja na ramani za zamani za Burundi. Anauliza wazee majina ya vilima na mito. Mkalimani alikuwa Reginaldi.

Kwenye ramani wakafika kilima cha kina Generoza. Unajua walivyokimbia mauaji ya mwaka 72, na shamba lao akapewa baba yake Reginaldi. Basi Reginaldi akasema, bila aibu, "Hapa panaitwa kwa Barutwa." Jina la baba yake. La baba yake, Delfi.

Mama yake mwenyewe, yule bibi kizee, akamkatiza kwa Kirundi, "Hapana mwanangu. Tulipofika tulikuta panaitwa kwa Ntirampeba."

Mtafiti akauliza bibi amesema nini.

Reginaldi akajibu, "Anasema amechoka."

Amechoka.

Generoza akasimama. Kwa Kiingereza chake cha kiwandani akasema, "Huyu anadanganya. Bibi hajachoka. Muulize tena, mimi nitatafsiri."

Bibi akalirudia jina la babu yake Generoza polepole, mpaka mtafiti akamaliza kuliandika. Mwanawe hakumwangalia.