Biriani ya Wageni wa Serikali

Jumatatu, 4 Agosti
Unga wa mahamri nimekanda mwenyewe, Mama kiuno kinamsumbua. Mtaa wetu wote wa Muyeye umeamka na njaa leo, tumemaliza kuuza mapema. Ningefurahi, lakini akaja Kadzo. Jirani yangu, dawati moja tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kanionyesha simu: serikali itamlipia karibu karo yote ya chuo kikuu. Mimi niliyempita kwa alama, kwetu tunatakiwa tulipe sehemu kubwa wenyewe. Nimempa hongera. Imetoka kwa shida.

Alhamisi, 7 Agosti
Sababu nimeijua. Baba ni mpishi wa hoteli Kikambala, basi tunahesabiwa watu wa mshahara. Kwamba watalii wakipungua anarudishwa nyumbani mikono mitupu, hakuna aliyeuliza. Babake Kadzo ni mkulima. Mvua ikimnyima, anaonewa huruma. Watalii wakitunyima sisi, je? Kama elimu ni haki, serikali itulipie sote. Kama ni bidhaa, na Kadzo anunue.
Najua nisingeandika hivi kama ningepata mimi. Nina wivu. Wivu hasa.

Jumanne, 12 Agosti
Nilikata rufaa, wamejibu. Maafisa wawili watakuja keshokutwa kutazama tunavyoishi. Kadzo kaleta ushauri, sijui nani kamwomba.
"Wapeni maji tu. Sisi tuliwapa maji."
Anavyojishaua, utadhani ndiye mwalimu wa umaskini. Anataka tuonekane ombaomba. Ushauri huo Mama sikumfikishia.

Alhamisi, 14 Agosti
Wageni wamekuja na wamekwenda. Mama aliingia jikoni tangu alfajiri. Kuku wa mwisho bandani wamechinjwa. Zulia la kuazima, sahani za maua za kuazima, udi mpaka macho yanawasha. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ndogo, labda tupunguze. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.
"Mgeni aje kwangu atoke na njaa? Watu watasemaje, mwanangu?"
Nikamkumbuka Kadzo na maji yake, nikaona bora hivyo. Sinia nililisugua mwenyewe mpaka likang'aa. Nilitaka watoke kwetu wakijua sisi na akina Kadzo hatulingani.
Walikula vizuri. Yule mwanamume aliongeza biriani. Walipomuuliza Mama hali ya maisha, akajibu anavyojibu kila mtu, Alhamdulillahi, hatukosi. Angesema nini mbele ya wageni? Mlangoni yule mwanamke akamwambia, "Mmejaaliwa, mama." Mama ametabasamu mpaka jioni.

Ijumaa, 22 Agosti
Rufaa imekataliwa. Wanasema familia ina uwezo.
Nimesoma nikiwa chooni ili nisionekane. Namchukia Kadzo. Namchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli, na alinitakia mema, na mimi sikutaka mema yanayotoka kwake. Uwezo gani? Hata lile zulia lilirudi kwa mwenyewe jioni ileile.
Mama nimemwambia nafasi za kulipiwa zimejaa. Baba kapiga simu kutoka Kikambala, kasema nikae nyumbani kwanza, atatafuta. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua atatafuta wapi.

Jumapili, 31 Agosti
Kadzo kaondoka na basi la asubuhi. Mama alimfungia mahamri yangali moto, akamwombea dua ndefu. Kadzo alinikumbatia akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama sanduku lake jipya, natamani mshikio ukatike pale pale barabarani. Haukukatika.
Jioni nimekanda unga wa kesho. Mama alikuwa mkekani, kanga kaifunga kiunoni kwa nguvu. Akaniuliza kama wale wageni walikipenda chakula kweli, au walikula kwa adabu tu.
Nimemwambia walikipenda.