Kilimi Nilichokatwa Bukavu

Mpendwa Yaya wangu,

Hapa Cyangugu wanasema mimi siongei. Wewe dada yangu unajua sababu. Tulipokuwa bado Bukavu, nikiwa mtoto mchanga ninayekohoa, bibi alinipeleka kwa mzee mmoja akanikata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kwenye kaakaa. Alikata kupita kiasi. Tangu hapo maneno yangu hupitia puani, na nikicheka ninapokunywa chai, chai nayo hutokea hukohuko.

Vita vilipotuvusha daraja tukarudi huku Rwanda, wenzangu wa shule walinisikia mara moja tu wakaniita Kapua. Ni wewe uliyewajibu, "Mumuache! Kifaransa inapitaka mu pua. Ni yeye peke hapa anajua kusema *bon*!" Wakacheka, nami nikacheka.

Baadaye ukaenda kusomea udaktari, ukarudi likizo na utafiti wako juu ya watu waliokatwa kilimi. Ulianza na mimi. Ulinikalisha juani, ukanikandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko.

"Sema aaa. Sema papa."

Ukanieleza kwamba kaakaa laini ni kama mlango: mtu akisema, linapanda na kuifunga njia ya pua. Langu ni fupi, halifiki.

"Kumbe si ujinga?" nikauliza.

"Ujinga gani? Ni mulango tu."

Tulizunguka vijiji vya Nyakabuye pamoja, mimi nikikushikia tochi, akina mama wakikufungulia vinywa. Uliwaambia wote neno lilelile: kilimi hakimkohozi mtoto, angalieni kifua. Nilijivuna hata kukubebea mfuko.

Sasa nikupe habari. Juzi jirani yetu Maman Divine alikuwa amemfunga mwanawe mgongoni, anampeleka kukatwa kilimi. Mtoto alikohoa, alihema mbiombio, alikataa ziwa. Wewe hukuwepo. Nikasimama mbele yake.

"Maman Divine, usiende."

"Eh! Kumbe huyu anasemaka! Kilimi ya mutoto imekuwa murefu, itamuziba."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Nikafungua kinywa changu wazi. "Angalia. Mimi nilikatwa. Unasikia sauti yangu?"

Kicheko kikaisha. Nikawaeleza habari za mlango na kifua, kwa pua yangu hiihii, mpaka mwisho.

"Na mutoto akikufa?" Maman Divine akauliza taratibu.

"Twende kwa muganga wa kituo cha afya. Nitakusindikiza."

Kwenye kituo cha afya muuguzi alisikiliza kifua akasema ni homa ya mapafu, tumewahi. Walimpa mtoto dawa. Leo asubuhi amenyonya mpaka akasinzia.

Yaya, ninajivunia wewe. Na nikuambie bila haya: ninajivunia na mimi mwenyewe. Maman Divine ameniomba niwaeleze wanawake wenzake habari hizi Jumapili baada ya ibada. Ninaogopa, lakini nimeshamwambia ndiyo.

Mungu akulinde huko kwenye vitabu vyako. Maman wetu anakusalimu.

Ni mimi, mdogo wako.