Mafuta kwenye Ini la Kaka

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama sasa anatembea bila mkongojo, na lile paa tumeliziba.

Kaka amelazwa, na nataka jambo hili ulisikie kwangu kwanza. Miaka mitatu iliyopita, kliniki ninakofanya kazi ilipoletewa mashine ya kupima mafuta kwenye ini, nilimwita aje niijaribu kwake. Nikampaka jeli, nikapitisha kifaa chini ya mbavu. Mafuta yalikuwa mengi mno.

"Vipi, dada?" akauliza, huku akikicheka kitambi chake.

Sikutaka kumharibia siku. Nikamwambia, "Raha tu hizo. Punguza sukari." Kwa daktari sikumpeleka.

Jumatatu alikuja macho yakiwa ya manjano. Nikampima mwenyewe, nikakuta ini limekuwa gumu.

"Siku ile ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, kaka."

Nikamfuta jeli. Kisha akasema taratibu, "Basi Mama asijue kwamba ulijua."

Ananisitiri, mdogo wangu, na mgonjwa ni yeye. Njoo umwone mapema.

Ni mimi, dada yako